Riba ya akiba au bisibisi ya nyumbani: ipi inakuachia pesa zaidi kwa mwaka?

Chukua laki tatu, ziweke kwenye akaunti ya akiba ya kawaida ya benki, uziache mwaka mzima bila kuzigusa. Kwa riba ya asilimia 2.5, ambayo haiko mbali na kile kinacholipwa na akaunti nyingi za aina hiyo Tanzania, utapata 7,500. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa kwenye riba hiyo, unabaki na 6,750. Sasa tazama bomba la jikoni linalodondosha maji. Washa yake, kile kipira cha ndani, ni shilingi mia kadhaa dukani. Fundi akija, hata akikaa dakika kumi, hataondoka bila elfu kumi. Ukilifungua na kulifunga mwenyewe, umeshaipita riba ya mwaka mzima kabla chai haijapoa.

Kwa hesabu hiyo bisibisi imeshinda. Tatizo ni kwamba nimeipanga mechi vibaya: nimechukua aina dhaifu kuliko zote ya riba, nikaipambanisha na kazi rahisi kuliko zote ya ufundi. Tena mabomba ya nyumba yanahesabika, wakati laki tatu inaweza siku moja kuwa milioni tatu. Ulinganisho wa haki unataka vitu vitatu viwe sawa kwa pande zote: kipindi kiwe mwaka, kipimo kiwe shilingi zinazobaki mkononi baada ya makato yote, na mtu awe yuleyule, mwenye nyumba ileile na mshahara uleule.

Bei za vifaa na mafundi nitakazotaja ni za mfano, za aina unayoweza kukutana nayo Dar. Weka za kwenu, hesabu itafanya kazi vilevile.

Pesa yako imelala wapi?

Neno riba linabeba vitu vingi vinavyotofautiana sana. Hapa chini nimeweka sehemu tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kufika bila kujuana na mtu: akaunti ya akiba kwa asilimia 2.5, amana ya muda maalumu (ile watu wanaita fiksi) kwa asilimia 8, na mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao nauhesabu kwa asilimia 12. Mbili za kwanza nimeshazikata kodi ya asilimia 10. Kwenye vipande vya UTT, yaani sehemu unazonunua za mfuko, mwenye vipande hakatwi kodi kwenye faida yake.

| Kiasi kilicholala mwaka mzima | Akaunti ya akiba | Fiksi | Mfuko wa Ukwasi |
|---|---|---|---|
| 300,000 | 6,750 | 21,600 | 36,000 |
| 1,000,000 | 22,500 | 72,000 | 120,000 |
| 3,000,000 | 67,500 | 216,000 | 360,000 |
| 10,000,000 | 225,000 | 720,000 | 1,200,000 |

Soma safu ya kwanza kwa jicho kali. Ikiwa benki yako inakata ada ya uendeshaji ya 2,000 kila mwezi, hiyo ni 24,000 kwa mwaka, yaani milioni yako nzima imefanya kazi mwaka mzima na bado haijalipa hata ada ya kukaa pale. Halafu kuna mfumuko wa bei. Benki Kuu ya Tanzania ina lengo la kuuweka kati ya asilimia 3 na 5, na kwa miaka ya karibuni umekaa karibu na ule upande wa chini. Riba ya 2.5 inashindwa hata hapo. Mimi akaunti ya akiba naihesabu kama mahali salama pa kuhifadhi pesa ya dharura, basi. Usalama huo si mdogo: amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja, kinga ambayo kibubu cha chini ya kitanda hakina, na ambayo vipande vya mfuko pia havina.

Fiksi inalipa vizuri zaidi, lakini inakufunga. Ukiivunja kabla ya muda, riba unaiacha mezani yote au sehemu yake. Kwa pesa ya ada ya shule inayojulikana itahitajika Januari, fiksi ya miezi sita au tisa inafaa kabisa. Kwa pesa ambayo mama anaweza kuugua ukaihitaji kesho, haifai.

Mfuko wa Ukwasi ndio ulioubadilisha mchezo kwa watu wa kipato cha kati. UTT AMIS ni kampuni ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005, na Ukwasi ukafuata mwaka 2013. Kuanza Ukwasi ni shilingi 100,000, kuongeza ni kuanzia 10,000, na ukiuza vipande pesa inakufikia ndani ya siku chache za kazi. Hakuna anayekuahidi ile asilimia 12. Bei ya kipande inategemea kile mfuko ulichonunua, na inaweza kupanda taratibu kuliko ulivyotarajia. Lakini kwa pesa ya mwaka mmoja na kuendelea, sioni sababu ya kuiacha ilale kwenye asilimia 2.5.

Hatifungani za serikali zipo pia, kuanzia milioni moja, na zile za muda mrefu riba yake haikatwi kodi ya zuio. Mwaka 2021 ya miaka 25 ilikuwa ikilipa kuponi (riba yake) ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata toleo jipya likashushwa hadi 12.56. Aliyeingia mapema anaendelea kula 15.95 yake kila miezi sita. Hilo ni jambo la wenye milioni kadhaa na subira ndefu, siliweki kwenye mechi ya leo.

Msomaji wa Kenya abadilishe namba mbili: kodi ya zuio kwenye riba huko ni asilimia 15, na mahali pa Ukwasi aweke mfuko wa soko la fedha anaouamini. Mantiki haibadiliki.

Kabla sijaacha upande huu, kuna mdudu mmoja anayekula riba za watu wa kipato kidogo kuliko kodi: makato ya kutoa. Laki moja kwa asilimia 12 inazaa takribani elfu moja kwa mwezi. Ukiitoa kwa wakala wa mtandao wa simu mara moja tu, makato yanazidi riba ya mwezi huo. Mtu anayeingiza na kutoa kila wiki anaitajirisha mitandao. Kwa akiba ndogo, idadi ya mara unazogusa pesa ina uzito kuliko tofauti ya asilimia kati ya sehemu moja na nyingine.

Na kwa Waislamu wanaoikwepa riba kabisa, safu mbili za kwanza za jedwali hazipo, na ya tatu inabidi iulizwe kwanza pesa yake imewekezwa wapi. Zipo akaunti za kugawana faida kwa misingi ya mudharaba, kwa mfano Amana Bank iliyofungua milango mwaka 2011, na madirisha ya Kiislamu ndani ya benki nyingine. Kiwango chake hakiwekwi mwanzoni, kinajulikana faida ikishapatikana. Kwa msomaji huyo upande wa pili wa makala hii una uzito zaidi, kwa sababu pesa ya fundi uliyoiokoa haina utata wowote wa sheria ya dini.

Bomba, flashi na dumu la maji

Turudi kwenye maji, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea hesabu, wengine kwa kuogopa sana na wengine kwa kupuuza.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga takribani lita 21 na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni lita 650 hivi, haifiki uniti moja ya lita 1,000. Kama uniti kwenye bili yako ni 1,700, hasara yako ni kama 1,100 kwa mwezi. Inakera masikio kuliko mfuko. Lakini kama mtaa wenu mabomba hayatoi maji na mnanunua kwa dumu la lita 20 kwa 500, tone lilelile linamwaga zaidi ya dumu moja kila siku, yaani zaidi ya 16,000 kwa mwezi kutoka kwenye simtanki mliyoijaza kwa pesa taslimu. Tone ni lilelile, ila nyumba moja linaila elfu moja na nyingine elfu kumi na sita.

Choo cha kuflashi ni hatari zaidi kwa sababu hakipigi kelele. Mpira wa ndani ya tangi ukichoka, maji yanateleza kimya kimya kwenye bakuli. Yakipita kiasi cha glasi moja ya robo lita kila dakika, hiyo ni lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi, zaidi ya 18,000 kwa bei ileile ya 1,700. Kuligundua hakuhitaji fundi. Weka rangi kidogo ya chakula kwenye tangi usiku, usiflashi, subiri kama dakika ishirini. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira hauzibi. Njia nyingine ni kusoma mita kabla ya kulala na kuisoma tena alfajiri kabla mtu hajafungua koki yoyote. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanakwenda. Wenye choo cha kuchuchumaa na ndoo wameepushwa na tatizo hili kabisa.

Hapa lazima niwe mkali kidogo na wapenzi wa ufundi wa nyumbani. Zile 18,000 unazookoa kwa kuziba choo si faida ya kuziba *mwenyewe*. Ungemwita fundi ungeziokoa vilevile. Faida ya mikono yako ni ujira wa fundi peke yake, tuseme 15,000 mara moja. Watu wakijisifia kwamba wameokoa laki mbili kwa kutengeneza choo wanachanganya mambo mawili, na ulinganisho wao na riba unakuwa wa uongo.

Isipokuwa jambo moja. Watu huacha choo kivuje miezi mitatu kwa sababu kumpata fundi ni shughuli: anasema kesho, kesho anasema yuko Mbagala, Jumamosi simu haipatikani. Anayejua kubadilisha mpira anaubadilisha siku ileile. Miezi mitatu ya kuvuja ni 54,000. Hiyo ndiyo sehemu ya faida ambayo kwa haki ni ya bisibisi, na riba haina kitu cha kufanana nayo.

Pangaboi, LUKU na kitasa

Pangaboi linalozunguka kwa uvivu, linalonguruma bila kuanza mpaka ulisukume kwa ufagio, mara nyingi halijafa. Kapasita yake imechoka. Ni kijisanduku kidogo cheusi au cheupe kilichoandikwa namba kama 2.5 µF. Ukiichukua dukani ukaomba yenye namba ileile, utalipa elfu chache. Wapo wanaouziwa pangaboi jipya kwa tatizo hili. Nimeliweka kwenye mpaka wa mwisho wa kazi za umeme ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzigusa, na kwa masharti: meni suichi imezimwa, testa imethibitisha hakuna umeme, na miguu ya kapasita imegusanishwa kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kwa sababu kapasita hubaki na chaji hata umeme ukikatwa. Kama sentensi hiyo imekuogopesha, mwite fundi, na elfu kumi yake ni halali yake.

Zaidi ya hapo, yaani waya za ukutani, bodi ya fyuzi, kuongeza soketi, siweki hata kwenye ulinganisho. Kazi hizo kisheria ni za mtu mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na nyumba ikiungua hakuna riba itakayoirudisha. Gesi iko kundi hilohilo. Kubadilisha mpira na regyuleta ya mtungi na kuvipima kwa povu la sabuni ni sawa, kufungua jiko lenyewe hapana.

Kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, faida inategemea uko kundi gani: D1 ni wateja wa matumizi madogo ya nyumbani, T1 ni wa matumizi ya kawaida. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti ndani ya uniti 75 za mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa T1 analipa 292 kwa kila uniti. Ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA, ile ya 100 inakuwa 122 na ile ya 292 inakuwa karibu 356. Chukua balbu moja ya zamani ya wati 60 inayowaka saa tano kila usiku, ibadilishe kwa LED ya wati 9. Unaokoa uniti 7.65 kwa mwezi. Kwa T1 ni kama 2,700 kwa mwezi, zaidi ya 32,000 kwa mwaka, kwa balbu ya elfu tatu au nne. Kwa D1 ni kama 930 kwa mwezi, 11,000 hivi kwa mwaka. Hata hiyo ndogo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya balbu, na hakuna benki inayolipa hivyo. Lakini ukishazibadilisha balbu zote, mchezo umekwisha. Huwezi kubadilisha LED kwa LED ukapata tena 32,000.

Friji nayo ina jaribio la bure: bana noti kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango hauzibi. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mara nyingi ni uchafu na mafuta ya jikoni tu.

Kitasa, bawaba za kabati, sinki lililoziba (fungua lile bomba lililopinda chini yake, weka ndoo kwanza) na rangi ya chumba ni kazi za mikono tu, hazina hatari. Rangi ndiyo yenye pesa kuliko zote, kwa sababu ujira wa fundi rangi ni mkubwa, na ndiyo inayoaibisha kuliko zote, kwa sababu kila mgeni ataona pale rola ilipopita mara mbili. Anza na chumba cha stoo.

Kwenye mizani moja

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na mwaka mmoja wa kawaida. Bomba mara mbili, 20,000 ya ujira. Flashi, 15,000. Pangaboi, 10,000. Kitasa, 15,000. Sinki, 10,000. Rangi ya chumba kimoja, 50,000. Jumla ya ujira wa mafundi uliobaki nyumbani ni 120,000.

Ili akaunti ya akiba ya asilimia 2.5 ikupe 120,000 baada ya kodi, unahitaji shilingi milioni 5.33 zilizolala mwaka mzima. Kwa fiksi ya asilimia 8, kama milioni 1.67. Kwa Ukwasi wa asilimia 12, milioni moja kamili. Hizo namba tatu ndizo mpaka. Mwenye chini ya milioni moja, mikono yake inaingiza kuliko akiba yake popote atakapoiweka. Mwenye milioni tatu kwenye mfuko wenye faida nzuri, pesa yake inaingiza mara tatu ya mikono yake, na akijiumiza kiuno kubadilisha bomba ni kwa kupenda.

Upande wa bisibisi una gharama za kuingilia ambazo wengi hawazihesabu. Spana ya kurekebishika, bisibisi mbili, plaizi, testa, tepu nyeupe ya mabomba, brashi na rola: kama 40,000 mwaka wa kwanza. Toa hapo unabaki na 80,000. Na kuna kuharibu. Kitasa kikikatika kwa sababu umekaza skrubu kwa hasira, utanunua kingine na fundi utamwita vilevile. Mwaka wa kwanza ningetegemea nusu ya ile 120,000, si zaidi.

Halafu muda. Riba haitaki Jumamosi yako. Kazi zile zote pamoja, kwa mtu anayejifunza, zinaweza kula siku mbili tatu nzima za mwaka. Kwa mwajiriwa ambaye Jumapili hailipwi, muda huo ni wa bure. Kwa mama lishe au dereva wa bodaboda ambaye kila siku ya kazi ina hesabu yake, kuacha kijiwe nusu siku ili kuokoa elfu kumi ni hasara. Huyo amlipe fundi, na ile pesa ya siku aikimbizie kwenye akiba.

Kitu kingine kinachoipendelea bisibisi: haishikwi na mfumuko wa bei. Fundi akipandisha kutoka 10,000 hadi 12,000, thamani ya kujua kubadilisha washa imepanda naye, wakati riba ya 2.5 imekaa palepale.

Kwa upande mwingine, pesa ya fundi uliyoiokoa ina tabia mbaya: haionekani. Riba inaingia kwenye akaunti, ina tarehe na ujumbe wa simu. Elfu kumi ambayo hukumlipa fundi inabaki mfukoni ikiwa imevaa sura ya pesa ya kawaida, na jioni inaishia kwenye chipsi mayai na vocha. Ukitaka iwe faida kweli, ihamishe siku ileile uliyoweka spana chini. Kwa bahati kiwango cha chini cha kuongeza kwenye Ukwasi ni hiyohiyo 10,000, kwa hiyo bomba moja ni nyongeza moja.

Nimeipigia hesabu hiyo. Elfu kumi kila mwezi (ndiyo 120,000 ya mwaka), kwa asilimia 1 kwa mwezi, baada ya miaka mitano ni kama 816,000, wakati ulizoweka ni 600,000. Faida ya mwaka wa tano peke yake ni kama 84,000, bado fundi anaongoza. Mwaka wa sita, 110,000. Mwaka wa saba faida ya mwaka inafika karibu 140,000, na hapo kwa mara ya kwanza pesa imeipita bisibisi iliyoizaa.

Mpangaji ana hesabu yake

Mpangaji akitengeneza flashi ya nyumba ya watu, ameokoa pesa ya nani? Kama mkataba unasema matengenezo ni ya mwenye nyumba, basi umemwokolea baba mwenye nyumba. Kabla ya kugusa chochote kikubwa kuliko balbu, mpigie: "Mzee, flashi imeharibika, kifaa ni elfu kumi na tano, naweza kuifunga mwenyewe, tukate kwenye kodi?" Wengi wanakubali, kwa sababu na wao wanachoshwa na mafundi. Tunza risiti na andika makubaliano kwenye ujumbe wa simu, siyo kwa mdomo kwenye kibaraza.

Lakini mpangaji ana silaha upande wa riba ambayo haonekani kuitumia: kodi yenyewe. Anayelipa miezi sita kwa mkupuo, 150,000 kwa mwezi, anakusanya 900,000 kila nusu mwaka, na mara nyingi pesa hiyo inakaa kwenye simu ikishawishiwa na kila dharura. Akiiweka kila mwisho wa mwezi mahali panapozaa asilimia 1 kwa mwezi, hadi siku ya kulipa atakuwa na nyongeza ya 22,500. Kwa mwaka ni 45,000, bila kushika spana, kwa pesa ambayo tayari alikuwa anaikusanya. Hesabu hiyohiyo inakwenda kwenye ada ya shule, bima ya gari, na mchango wa harusi ya mdogo wako uliotangazwa miezi minane kabla.

Kabla ya yote mawili

Kama una deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, funga ukurasa huu. Benki Kuu iliwawekea watoa mikopo midogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na hiyo peke yake ni 42 kwa mwaka. Wasio na leseni wanakwenda mbali zaidi, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila idhini. Hakuna mfuko unaolipa asilimia 42, wala nyumba yenye mabomba mabovu kiasi hicho. Kila shilingi, iwe ya akiba au ya fundi uliyemkwepa, iende kwenye deni hilo kwanza.

Nani achukue nini

Kijana mwenye mshahara, amepanga chumba na sebule, akiba haijafika laki tano: nunua vifaa vichache, jifunze bomba, kitasa na sinki, na ile pesa ya kodi inayosubiri iweke inapozaa. Kwake vyote viwili ni vidogo, lakini vyote viwili vinapatikana mwaka huuhuu.

Familia kwenye nyumba yao, akiba kati ya laki tano na milioni mbili: hapa bisibisi bado ina nguvu kwa sababu nyumba ni kubwa na inaharibika kila mwezi. Hatua ya kwanza ningeianzia benki lakini, kuitoa akiba kwenye akaunti ya 2.5 na kuipeleka kwenye mfuko wa asilimia 12. Uhamisho huo mmoja kwa milioni moja unaleta karibu 100,000 zaidi kwa mwaka, karibu sawa na kazi zote za mikono za mwaka, na unafanyika kwa mchana mmoja. Acha benki ile ya dharura ya miezi miwili mitatu tu.

Mfanyabiashara ndogondogo ambaye kila siku ya kazi inalipa: fundi aje, mpaka siku biashara itakapokuwa na msaidizi.

Na mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, milioni kumi na kuendelea: kwenye mfuko wa asilimia 12 pesa hiyo inaleta laki moja kila mwezi, akiwa amekaa. Pangaboi likianza kunguruma, ngazi apande kijana wa jirani, na alipwe vizuri.